Senesio wa Barranco una miaka mingapi, na kwa nini usishuke na mche wake Marangu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Marangu, huu ni mwaka wa tatu nabeba mizigo Mlima Kilimanjaro, na sasa najifunza uongozaji. Kila tukifika kambi ya Barranco wageni wananisimamisha kwenye ile miti yenye vichwa kama kabichi, senesio, wananiuliza ina umri gani. Mimi huwaambia miaka mia tatu kwa sababu ndivyo nilivyowasikia wakubwa zangu. Ni kweli? Pili, kuna mwenye nyumba ya wageni hapa kwetu ameniahidi hela nzuri nikimshushia mche mdogo aupande mbele ya mapokezi. Midogo iko mingi kando ya kijito, sidhani kama ukitoka mmoja mlima utaona pengo. Tatu, bondeni pale imejaa tele, mbona tunaambiwa ni mti adimu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la pili, maana hilo lina mtu anayesubiri na mengine yanaweza kungoja: usiushushe huo mche. Hela ya mwenye nyumba utaila wiki moja, na mche wenyewe hautamaliza msimu.

Sheria unaijua. Ukishapita geti uko ndani ya Hifadhi ya Taifa, na humo hata jani lililokauka si lako. Sisi watafiti, tukitaka kipande cha jani cha kupeleka maabara, tunapita COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, tunapita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ndipo TANAPA, wenye hifadhi za taifa, watufungulie njia. Nimewahi kungoja kibali mpaka mvua niliyoitaka ikapita. Wewe ukikutwa na mche ndani ya begi, leseni ya uongozaji imekwenda kabla hujaipata. Lakini tuseme sheria haipo. Bado ningekukataza, na sababu iko ndani ya mmea wenyewe.

Unalala kwenye hema Barranco, kwa hiyo hili unalijua kuliko wasomaji wangu wengi: saa sita mchana unavua koti, alfajiri maji ya ndoo yameweka ganda la barafu. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyeizunguka milima yetu mirefu, alilisema hili kwa ufupi ambao hatujaushinda: kule juu ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Mimea ya nchi za baridi ina miezi ya kujiandaa. Senesio una saa chache tu, na unajiandaa upya kila siku ya maisha yake.

Ukiamka kabla ya wageni, tazama vile vichwa. Majani makubwa ya nje yamejikunja kwenda juu na kukifumbata kichipukizi cha katikati, kama mtu aliyefumba ngumi. Nje kuna sakitu, ndani ya ngumi hiyo kichipukizi hakigandi. Jua likipanda, ngumi inafunguka. Hapo linaanza tatizo la pili: majani yameshapata jua na yanataka maji, lakini udongo bado ni wa baridi kiasi kwamba mizizi haiwezi kuyavuta. Ndipo inapofanya kazi ile sehemu laini ya katikati ya shina, iliyo kama sponji. Imejaa maji. Majani hunywa humo mpaka udongo upate joto. Sasa jiulize: akiba hiyo ikiganda usiku, asubuhi majani yatakunywa nini?

Kwa hiyo shina linavaa. Yale majani makavu ya kahawia yanayoning'inia toka chini ya kichwa, tabaka juu ya tabaka, ambayo wageni hudhani ni ugonjwa au uchafu, ndiyo koti lake. Miti mingi hudondosha majani yaliyokufa. Senesio unayabakiza kwa sababu bado yana kazi.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapokosea sana. Nimeona watu wakiyachuna majani hayo wayatandike chini ya godoro la hema. Nimeona mgeni akiyavuta ajaribu kama yanatoka, na mwongozaji wake amesimama kando anacheka. Wala mimi sina mikono misafi. Nikiwa mwanafunzi, safari yangu ya kwanza, nilivua shina moja upande mmoja, urefu kama wa mkono, nipate picha nzuri ya gome. Nilijiona naupunguzia mti mzigo. Baadaye ndipo nikajifunza habari za Andes, Amerika ya Kusini. Huko kuna mimea ya jenasi iitwayo Espeletia. Kwa Kihispania wanaiita frailejón. Ukiletewa picha yake bila maelezo utaapa ni senesio. Si ndugu wa karibu: yote miwili iko katika ukoo mpana wa alizeti, ule ule wa pareto na kishona nguo, lakini kila mmoja umelifikia umbo hilo kivyake, baridi ya aina moja ikifundisha somo moja pande mbili za dunia. Watafiti wa kule waliivua baadhi majani makavu, mingine wakaiacha imevaa. Kwenye iliyovuliwa, mashina yalipoa kupita kiasi usiku, maji yakashindwa kupanda asubuhi, na mimea ikafa. Nilirudi Barranco miaka kadhaa baadaye kuutazama mti wangu. Ulikuwa umesimama, ila kichwa kimoja kilikuwa kimekufa. Siwezi kuapa kwamba ni mimi, na siwezi kuapa kwamba si mimi.

Turudi kwenye mche wa mapokezi. Ile midogo uliyoiona kando ya kijito, umeshajiuliza kwa nini iko pale na haiko kwenye uwazi? Mbegu za senesio ni nyepesi, zina manyoya, upepo huzitawanya kila mahali. Zinazoota ni nyingi. Halafu usiku maji yaliyo kwenye udongo wa juu huganda na kuota kama sindano, yananyanyua udongo pamoja na vimizizi. Mchana sindano zinayeyuka, udongo unashuka, mche umelala ubavu na mizizi iko hewani. Usiku unaofuata hivyo hivyo. Unaosalimika ni ule ulioangukia kwenye kivuli cha jiwe, katikati ya nyasi za vishungu, au mahali penye unyevu pasipochezewa hivyo na barafu. Kwa hiyo kile kidogo cha kufika gotini ambacho macho yako yamekiita mche, ni kimoja kilichobaki baada ya vingi kufa, na kuna uwezekano mkubwa kimekuzidi umri. Usidhani hutaliona pengo lake.

Na ukikifikisha Marangu? Kitakaa mahali pasipo na usiku wa kukifanya kifumbe ngumi, kwenye udongo wa kihamba, shamba letu la nyumbani, kwenye joto la migomba. Nimeona miche iliyooteshwa kwa mbegu, kwa kibali, na watu wanaoijua kazi ya kitalu. Ilichipua vizuri, ikafika vidole viwili, ikaanza kuchoka. Mwambie mwenye nyumba apande masale. Wewe umekua ukiyaona kwenye mipaka ya vihamba, huyaoni tena, lakini mgeni hajawahi kuyasikia. Mweleze kwamba Mchagga akimkosea jirani humpelekea isale kuomba msamaha, uone kama hatapiga picha.

Sasa umri. Mti wa Ulaya ukikatwa unahesabu pete, kwa sababu kuna majira ya kukua na majira ya kulala. Kwetu karibu na ikweta, huko juu mwaka hauna kipupwe kimoja cha kuandika pete. Kwa hiyo tunapima kwa njia mbili. Ya kwanza ni kasi ya kurefuka. Niliwahi kufunga uzi chini kidogo ya majani mabichi ya senesio mmoja. Niliporudi baada ya miaka tisa, kichwa kilikuwa kimepanda juu ya uzi kiasi cha shibiri moja. Shibiri moja kwa miaka tisa! Mgomba wako unarefuka hivyo ukiwa umekwenda arusini na kurudi.

Njia ya pili ni matawi. Kichwa cha senesio hutoa maua mara moja tu, baada ya miaka mingi, kwa mlingoti mkubwa unaotoka katikati. Kikishatoa maua, kichwa hicho kinakufa, na chini yake huchipua vichwa vipya. Kwa hiyo kila panda unayoiona ni kumbukumbu ya mwaka wa maua. Mti usio na panda haujawahi kutoa maua. Wenye panda tatu, moja juu ya nyingine, umeshapitia hilo mara tatu. Senesio mmoja wa Mlima Kenya, ambao wataalamu wanauita Dendrosenecio keniodendron, una tabia ya kutoa maua kwa pamoja: mwaka mmoja mlima mzima, halafu kimya miaka kadhaa. Ukipata bahati ya kukutana na mwaka wa namna hiyo, usiulalie hemani.

Basi tufanye hesabu ya njiani, ambayo unaweza kuifanya mbele ya wageni. Chukua sentimita mbili na nusu kwa mwaka. Mti wa mita tano unakuja miaka 200. Mwaka 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na wasomi wa Ulaya wakamcheka, mti huo ulikuwa unamfika mtu mapajani. Mwaka 1900, Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, chifu wetu wa Kichagga, kule Old Moshi, ulikuwa ndio kwanza umempita mtu mrefu kimo. Huko kunatosha. Waambie wageni kwamba mikubwa imepita karne moja, na iliyo mikubwa zaidi inakadiriwa kupita miaka 200. Mia tatu iache. Mti huu hauhitaji kuongezewa chumvi.

La tatu, kuhusu uadimu. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu neno hili tunalitumia kwa uvivu. Kuna adimu ya kutafuta siku nzima usione, na kuna adimu nyingine. Mfikirie popo wa Pemba. Ukifika kwenye msitu anakolala utamkuta amening'inia kwa mamia, utasema huyu hana shida. Lakini vuka bahari uende popote duniani, hayupo. Senesio wa Barranco, Dendrosenecio kilimanjari, ni wa namna hiyo. Uko Kilimanjaro peke yake, tena katika ukanda mwembamba kati ya msitu na jangwa la mawe, tena ndani ya ukanda huo unapenda mabonde yenye maji. Ukijumlisha makazi yake yote unapata vipande vya ardhi ambavyo wewe kwa miguu yako unavipita kwa siku mbili tatu.

Ndugu zake wako kwenye visiwa vingine. Naviita visiwa makusudi: kwa mmea wa baridi, joto la tambarare ni bahari. Meru ina wake, Mlima Kenya na Aberdare ina yake, Cherangani ina wake, Elgon, Rwenzori, Virunga, mpaka milima ya mashariki ya Kongo karibu na Bukavu. Kwa hesabu inayofuatwa sana ni spishi 11. Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya miti hii, na walichokiona kinapaswa kukufanya utembee kifua mbele: ukoo wote unaelekea kuanzia hapa Kilimanjaro, ndani ya miaka milioni moja hivi iliyopita, mbegu zikavuka kwa upepo mlima hadi mlima. Ya Rwenzori, ya Elgon, ya Mlima Kenya, chimbuko lake ni huku kwetu. Nashangaa jambo hili halimo katika maelezo ya kila mwongozaji. Badala yake tunawaeleza wageni kwamba aina ya chini, ile ya karibu na msitu, imepewa jina la Harry Johnston, Mwingereza aliyekuja 1884 na kukaribishwa na Mangi Rindi. Sawa, ni historia, lakini ipe sentensi moja.

Sasa utaniuliza, kama si mche mmoja wa kando ya kijito, hasa nini kinauharibu mti huu? Wageni wanapenda kujibiwa barafu. Barafu ya Kibo imepungua kweli, asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na mlima unaopata joto unausukuma kila mmea kupanda juu kutafuta baridi yake, na juu huko udongo unakwisha, yanabaki mawe. Hilo ni tatizo la polepole. Tatizo la haraka ni moto.

Unaukumbuka wa Oktoba 2020. Ulianzia eneo la Whona, wanapopumzika wapandaji kati ya Mandara na Horombo, tarehe 11, na mpaka ulipodhibitiwa TANAPA walitaja eneo la kilomita za mraba 95.5. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wengi wao kwa matawi ya miti mikononi. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukawaka tena karibu na Karanga, kambi mnayolala baada ya kuupanda ukuta wa Barranco, kwenye mita 4,000 hivi. Yaani mlangoni kwa senesio. Andreas Hemp, Mjerumani aliyeutafiti mlima huu kwa miongo mingi, aliandika mwaka 2005 jambo ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye kila geti: kwa maji ya mlima, moto unaoletwa na ukavu unadhuru kuliko kuyeyuka kwa barafu. Msitu wa juu hukamata ukungu na kuudondosha kuwa maji. Ukiungua, maji hayo hayashuki kwenye mifereji ya Marangu. Mgeni anapiga picha barafu inayopungua, huku nyuma yake vichaka vya erika vimegeuka mkaa.

Na hapa lile koti linageuka adui. Majani makavu ya miaka mia, yamepangwa kuzunguka shina, yananing'inia mpaka karibu na nyasi: fundi wa kuni asingeweza kupanga vizuri zaidi. Moto wa kupita haraka mti mkubwa unaweza kuuhimili, lakini unabaki uchi, na usiku wake wa kwanza bila koti tumeshauzungumza. Midogo iliyo chini haina hata nafasi hiyo. Kisha hesabu yetu ya shibiri kwa miaka tisa inaanza upya kutoka sifuri. Kwenye mlima wenye mti wa namna hii, kampeni ya kupanda miche kwa ajili ya picha haisaidii kitu. Uhifadhi ni kuzuia kiberiti.

Maumbile nayo huchukua sehemu yake, usidhani naota bustani ya malaika. Mlima Kenya tembo hupanda mpaka kwenye ukanda wa senesio, huivunja na kuitafuna. Jambo hilo liliandikwa kitaalamu tangu 1984. Mara ya kwanza kuuona mti wa miaka mia umelazwa hivyo nilikasirika kama mtu aliyevunjiwa mlango. Lakini tembo huangusha miti, hateketezi bonde zima kwa alasiri moja.

Kwa hiyo kazi yako, wewe unayepita pale mara nyingi kwa mwaka kuliko mimi sasa, ni ndogo na ni kubwa. Sigara ya mwenzako hemani ni kazi yako. Jiko la gesi kwenye nyasi kavu wakati upepo unavuma ni kazi yako, hata kama mpishi ni mkubwa kwako kiumri. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Ukiona moshi upande wa msitu, awe mrina asali au nani, toa taarifa kituo cha askari wa hifadhi kabla hujamaliza chai. Msikate kona za njia kwenye bonde la Barranco, maana udongo ule ukikanyagwa unachukuliwa na mvua, na pale mbegu hazishiki tena. Mgeni akinyoosha mkono kwenye koti la mti, simama kati yake na mti, umweleze habari ya ngumi na koti. Nakuhakikishia atakumbuka maelezo hayo kuliko namba yoyote.

Kuna kitu kimoja nataka unifanyie pia. Pale Barranco tafuta jiwe kubwa ambalo halitasogea, lenye senesio watano au sita mbele yake. Simama juu ya jiwe hilo, mgongo kwenye ukuta, piga picha kwa simu. Kila safari, jiwe lile lile, mguu pale pale, na uandike tarehe. Usifunge uzi kama mimi. Ukifikisha miaka mitano niletee picha zote, hata zile zenye ukungu.